Matairi ya Ulaya

Mikumi,
9 Februari 2025

Mama,

Shikamoo.

Jumapili iliyopita nilikupigia simu. Ulipokea ukasema, "Halo, nani?" Nikasema, "Ni Innocent, Mama, mumewe Naomi." Ukasema, "Kesho siendi," ukakata. Naomi alicheka, kisha akaniambia spika ya simu yako imekufa tangu mwaka jana, na kama nina jambo la maana nikuandikie barua. Basi naandika. Nampa Amon, konda wa basi la Kilosa. Anasema nyumba yako pale Magomeni anaijua vizuri kwa sababu ulimchapa darasa la tatu.

Jambo lenyewe ni hili. Kliniki wamesema mtoto atakuja mwishoni mwa mwezi wa nne. Naomi bado anashona magauni ya harusi, ila anakaa mbali na cherehani maana tumbo limetangulia. Tunaomba uje ukae nasi, uwepo mjukuu wako wa kwanza akizaliwa. Chumba chako tumesha paka rangi.

Usafiri usikuumize kichwa. Nitakuja kukuchukua mwenyewe na Subaru, ile ya buluu yenye turbo, inayobeba maharusi wangu ninaowapiga picha. Hutamaliza rozari moja tutakuwa tumefika.

Mkweo,
Innocent

*

Kilosa,
14 Februari 2025

Mkwe wangu Innocent,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imekunjwa kama ya kufungia karanga. "Tumeshapaka" ni neno moja, usilikate katikati. Mengine umejitahidi.

Nimefurahi mno. Nimefurahi mpaka nimemwambia jirani, na jirani mwenyewe simpendi. Naomi asinyanyue ndoo.

Sasa kuhusu hiyo rozari. Krismasi mlipokuja, nyinyi mlikuwa bado mezani, mimi nilitoka nikalizunguka gari lako. Ubavuni mwa kila tairi kuna mlima mdogo, na ndani ya mlima kuna kitu kama nyota ya pembe sita. Nilimwuliza Padre, ambaye alisoma Italia. Akasema ile ni alama ya theluji.

Mwanangu, theluji ilianguka Mikumi lini mara ya mwisho?

Matairi ya theluji mimi sipandi. Badilisha kwanza, kisha tuzungumze safari.

Ni mimi,
Mwalimu Agnesi

*

Mikumi,
18 Februari 2025

Mama,

Shikamoo.

Padre amesema kweli, ila hakumaliza. Gari lilitoka Japani, upande ambao theluji inafika dirishani, likaja na matairi yake hayo hayo. Mpira wake ni laini, unashika barabara kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake. Matairi haya yametengenezwa kwa ajili ya barabara za Ulaya, Mama. Hizi zetu yatashindwaje?

Nikutoe wasiwasi zaidi. Juzi nilikuwa na Naomi kwenye lami ya hifadhini, twiga akavuka. Nikakanyaga breki. Tukasimama vizuri kabisa, twiga akaenda zake, sisi tukaenda zetu.

Amon anakuletea na simu mpya. Spika yake ni kubwa, nimechagua mwenyewe.

Mkweo,
Innocent

*

Mikumi,
18 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Karatasi hii naificha ndani ya boksi la simu, chini ya chaja, Innocent asiione.

Kuhusu yule twiga. Ni kweli tulisimama. Lakini tuliposimama pua ya gari ilikuwa chini ya tumbo lake, kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, na mimi nilikuwa nalitazama tumbo lile kupitia kioo cha mbele. Jua lilikuwa kali, lami inanuka, Innocent amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, na matairi yanateleza tu kama sabuni. Twiga aliinamisha shingo akatutazama. Innocent akazima redio, nadhani kwa heshima.

Usimwambie nimekwambia. Matairi yale anayasugua kwa mswaki.

Lakini Mama, njoo. Kama si kwa gari lake basi kwa basi. Mimba ya kwanza ilipotoka ulifika kesho yake, na siku ile nzima sikufanya kitu kingine ila kuangalia mlango. Safari hii naogopa, sijamwambia mtu mwingine. Ukiwa ndani ya nyumba nitaacha kuuangalia.

Mwanao,
Naomi

*

Kilosa,
24 Februari 2025

Mkwe wangu Innocent,

Marahaba.

Ulaya unanieleza mimi? Nimefundisha Ulaya, kijiji hiki kilicho njiani kati yako na mimi, kabla hujazaliwa, ndipo nikahamishiwa hapa mjini. Barabara yake naijua, ilinila viatu. Tairi lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya lisingechorwa theluji, lingechorwa chura. Au ulimaanisha Ulaya ile nyingine? Basi useme. Mwandishi mzuri hamwachi msomaji wake njia panda.

Nimearifiwa pia kwamba twiga wa Mikumi wana matumbo safi.

Kwa simu nakushukuru, ila kwa bahati mbaya nayo spika yake imekufa. Sijui viwanda vya siku hizi vina nini. Namrudishia Amon.

Matairi yabadilishwe.

Mwalimu Agnesi

*

Mikumi,
28 Februari 2025

Mama,

Shikamoo.

Naomi amekana kila kitu.

Simu nimeipokea. Nimeiwasha hapa studio ikaimba mpaka wapita njia wakasimama, mmoja akacheza. Sijui inafia wapi njiani. Labda Ulaya. Hii yetu.

Habari njema ni kwamba matairi ya theluji nimeyavua. Nilikwenda kwa Saning'o anayeuza matairi karibu na stendi. Alinionyesha aina mbili zinazoingia kwenye rimu zangu. Ya kwanza inaitwa ya misimu yote, ina meno mengi na sura ya kiatu cha shule. Ya pili ni ya mbio: pana, ubavu mwembamba, inang'aa kama imepakwa mafuta. Nikamwuliza ipi bora.

"Wewe unaitaka ipi?"

Nikamwonyesha ya mbio.

"Hiyo ndiyo bora," akasema, akachukua jeki.

Mama, ungeliona gari sasa. Limelala chini kama chui anayenyata. Bwana harusi wa Jumamosi alipiga picha na tairi kabla ya kupiga na mkewe. Nakuja kukuchukua tarehe 15 Machi.

Mkweo,
Innocent

*

Kilosa,
5 Machi 2025

Mkwe wangu Innocent,

Marahaba.

Nimekwenda kwa fundi Evarist hapa jirani, nikakaa kwenye benchi lake nikasoma matairi. Yeye alidhani nasubiri pancha. Nimejifunza mengi. Tairi lina umri, umeandikwa ubavuni kwa namba za wiki na mwaka. Lina mshale wa kuonyesha lizungukie wapi. Mengine yana herufi M na S. Nilidhani ni Mama na Sikukuu, maana sikukuu ndipo mnapomkumbuka mama, lakini Evarist anasema ni matope na theluji kwa lugha yao.

Sasa hayo yako ya mbio yana umri gani? Mshale umetazama mbele? Yana M? Theluji nimekusamehe, lakini M lazima iwepo.

Mwezi wa tatu huu. Wingu limeshakaa milimani. Sisi hapa tuna masika, tuna vumbi, tuna wiki ambayo mto Mkondoa unaingia ndani ya nyumba bila hodi, na tuna majira ambayo ng'ombe wanalala katikati ya barabara. Tairi lisilolijua hata moja kati ya hayo mimi silipandi.

Usije tarehe 15.

Mwalimu Agnesi

*

Ulaya,
15 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa karatasi, ni mgongo wa kadi ya harusi.

Nimekuja. Nilisema ukiniona mlangoni moyo wako utalainika. Kilicholainika ni barabara. Mvua imenyesha tangu alfajiri na gari limezama mpaka mlangoni. Matairi yanazunguka kwa kasi ya ajabu, kwa hilo siwezi kuyalaumu. Ila gari haliendi popote.

Basi la Amon limetukuta hapa. Kwanza alipunguza mwendo abiria waone vizuri, ndipo akasimama. Vijana wa Kiparakuyo waliokuwa wanachunga wameacha ng'ombe wanasukuma. Mzee wao, Sendeka, amenizunguka mara mbili, kisha akauliza kwa nini nimenunua gari fupi kuliko mbuzi.

Kiatu changu kimoja hakionekani. Amon anapiga honi. Usipike.

Innocent

*

Kilosa,
15 Machi 2025

Innocent,

Nilikuwa nimeshapika.

Kuku yumo kwenye hotpoti hii, na wali chini yake. Kula na waliokusukuma, uanze na mzee. Ndala ni za marehemu baba mkwe wako, usizivute sana, kamba ya kushoto imechoka. Kanga ni ya kujifutia.

Ukitoka hapo rudi Mikumi moja kwa moja. Naomi asikuone na tope, ataogopa.

Mama

*

Mikumi,
22 Machi 2025

Mama,

Shikamoo.

Kuku tulimmaliza. Mzee Sendeka amesema mpishi huyo akipata shida yoyote aseme.

Nimerudi kwa Saning'o. Nikamwambia nataka ya misimu yote. Akasema, "Hiyo ndiyo bora," bila hata kupepesa macho.

Sasa nisikilize. Matairi haya yametengenezwa mwaka jana. Mshale umetazama mbele, yote manne, nimelala chini nikahakikisha. M ipo. S nayo ipo, nimeona ibaki. Gari limenyanyuka kidogo na limepoteza ule uchui wake. Vijana hapa stendi wananiita mzee wa kanisa. Nimelijaribu hifadhini mvua ikinyesha. Nyani walivuka, nikashika breki, tukasimama mbali nao kiasi kwamba mmoja alirudi kutuangalia kama tumepatwa na tatizo. Shahidi ataweka sahihi mwenyewe:

Ni kweli, Mama. Naomi.

Na Ulaya hatupiti. Tutafuata lami ya Morogoro, tuingilie Dumila, tushukie Rudewa mpaka kwako. Ni mbali, lakini hakuna tope.

Upande wangu, Mama, sababu zimeisha. Theluji nilitoa, mbio nikatoa, njia nimebadilisha. Kama shida si matairi bali ni mimi, kwamba mpiga picha hakuwa mtu uliyemtaka kwa binti yako, niambie tu. Nitaumia, lakini matairi yatapumzika. Jana nilimkuta Naomi ameweka kiti katikati ya chumba, amekaa anaangalia mlango. Nilipomwuliza, akasema anapunga upepo.

Mkweo,
Innocent

*

Kilosa,
27 Machi 2025

Mwanangu Naomi,

Hii isome peke yako.

Mumeo hana kosa. Kijana amelala chini ya gari kwa ajili yangu, na mimi nimekuwa nikimtungia maswali kama mtihani wa taifa ili asifaulu. Kila alipojibu moja nilikwenda kwa Evarist kutafuta jingine. Leo Evarist ameniambia maswali yamekwisha.

Simu hazijafa spika, Naomi. Ni masikio. Yalianza kwa kuvuma, nikadhani ni mafua. Sasa la kushoto halina kitu na la kulia linapata radi na lori. Watu nawasoma midomo. Dukani naelekeza kidole. Kanisani nasimama wenzangu wakisimama. Krismasi pale mezani mlicheka wote mpaka machozi, nami nikacheka. Mpaka leo sijui mlicheka nini.

Mnanitaka nije nilee. Mtoto atalazwa pembeni yangu ili wewe upumzike. Akilia nisisikie, je? Akipaliwa? Nimelea wa watu darasa zima na sikuwahi kuogopa, lakini huyu mmoja namwogopa. Bora mseme bibi yake ni mkorofi wa matairi kuliko mseme alikuwepo na hakusikia.

Usimwambie Innocent. Ananiheshimu kwa sababu ananiogopa kidogo.

Mama yako

*

Mikumi,
31 Machi 2025

Mama,

Shikamoo.

Naomi aliisoma peke yake, kama ulivyoagiza. Kisha akalia, na mimi nikauliza.

Usifungashe kitu. Hutakuja wewe, tutakuja sisi. Naomi atajifungulia Kilosa, kwenye nyumba ambayo unajua kila mlango ulipo. Mtakuwa wawili: yeye atasikia, wewe utajua la kufanya. Maana mimi na Naomi tukisikia mtoto analia tutatazamana tu.

Tutafika Jumamosi. Nje sitapiga honi. Nitaingia mpaka ulipo nikushike mkono.

Na ile Krismasi mlinicheka mimi. Nilikuwa nasali sala ya chakula, macho nimefumba nusu, nikaona paka anapita na paja la kuku. Nikasema kwa sauti ile ile ya sala, "We mshenzi, rudisha!" Naomi akaitikia, "Amina." Nimekuandikia ili ucheke ukijua.

Nakuogopa vile vile, tena si kidogo.

Mkweo,
Innocent

*

Kilosa,
27 Aprili 2025

Mwanangu Innocent,

Marahaba, maana najua utanisalimia kabla hujakaa kusoma.

Naomi alikupigia jana ukiwa katikati ya harusi, akaniambia uliangusha kamera na bibi harusi ndiye aliyeidaka. Kwa hiyo unajua ni wa kike na wote ni wazima. Lakini simu ya dakika mbili haina nafasi ya mambo yote, ndiyo maana nakuandikia. Amon ataondoka nayo kesho asubuhi.

Uchungu ulimwanza wakati tunachambua mchicha. Wewe upo Mikumi, na gari lako na matairi yako ya misimu yote. Nikatoka barabarani, nikaona bajaji ya Valentino, mtoto wa Teresia muuza mkaa. Matairi yake yote matatu ni vipara, Innocent. Vipara vya kung'aa. Niliviona vizuri, na herufi zilishafutika kabisa. Nikamshika Naomi mkono tukapanda. Njiani Valentino alikuwa anaongea mfululizo, sijui alisema nini, nikamwambia, "Kimya, endesha," na Naomi katikati ya uchungu akacheka. Kumbe alikuwa anatusalia.

Hospitali walitupokea vizuri. Nesi alinitaka nisubiri nje, nikajifanya sikusikia. Hiyo ndiyo faida ya kwanza niliyopata. Nilikuwa upande wa kichwa cha Naomi, ananiangalia mimi tu, mpaka mwisho.

Leo mchana tumerudi nyumbani. Mvua imeshuka kubwa, naiona inavyopiga kwenye bati lakini kwangu ni kama mtu anamwaga mchele mbali. Naomi amelala kwa uchovu. Nimemchukua mtoto, nimemlaza kifuani ndani ya kanga, nikakaa kwenye kiti. Nimekaa nikimlinda kwa macho, sithubutu hata kusinzia. Mara kifua changu kikaanza kutetemeka. Nikadhani ni moyo, nikasema basi, siku yenyewe ndiyo hii. Nikashusha macho. Mdomo uko wazi wote, ngumi amekunja, uso umeiva. Alikuwa analia, Innocent. Analia kwa nguvu zake zote, na ndani ya mbavu zangu hakuna sauti ambayo sikuipata.

Nikainuka, nikamwamsha mama yake, nikamwambia mtoto ana njaa. Naomi akanitazama. Akasogeza midomo taratibu ili nimsome, kama ulivyomfundisha mlipokuja:

"Mama, umesikia?"

Nikamwambia, "Nimesikia."

Bibi yake,
Agnesi